Shati la Buluu la Jumapili

9 Machi

Kitinda wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kinaendeleaje na ile baridi ya sakafu? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu, pengo ni wewe tu. Shemeji yako mgongo umemwachia kidogo. Jana alilalamikia chumvi kwenye mboga, ndipo nilipojua amepona. Wapwa zako wadogo nimewaambia mjomba yuko safarini. Yule mkubwa ananitazama tu. Anajua.

Mimi na cherehani yangu hatujambo, ila sare za shule zimenikaba koo. Wazazi wote hukumbuka siku moja kwamba watoto wamerefuka.

Sasa nije kwenye lenyewe. Juzi mahakamani nilimwona huyo wakili uliyepewa na mahakama. Mimi nimempa jina, Bwana Haraka. Alikuja mbio, faili kwapani, akakuita kwa jina la mtu mwingine, na wewe ukaitika! Kitinda, mtu huitika jina lisilo lake? Ulimwonea aibu yeye, ukasahau kujionea huruma. Akatusimamisha pale koridoni karibu na mlango wa choo, watu wanapita na makaratasi yao, akauliza, "Siku ya tukio ulikuwa wapi?" Mimi nimekushika mkono. Ukanitazama mimi kwanza, halafu ukamjibu, "Nilikuwa chumbani kwangu, nimelala." Kama ulivyowaambia polisi siku ile nilipokusindikiza kituoni. Akasema, "Basi ungekiri tu, jaji akuonee huruma. Kufuli la duka lilifunguliwa, halikuvunjwa, na fundi makufuli ni wewe." Akageuka, akaenda kumtafuta mwingine. Hata chai isingepoa.

Ukiri! Duka la vifaa vya ujenzi limeibiwa Jumapili mchana kweupe, mlinzi kapigwa chuma cha kichwa nusura afe, halafu wewe ukiri? Utazeekea humo gerezani. Usikiri usilolifanya. Mungu hapendi uongo hata ule wa kujiumiza.

Nilikwenda dirishani kwa karani nikamwambia ndugu yangu hana wakili, ana mpita njia. Akacheka, lakini akanijibu vizuri. Amesema mshtakiwa ana haki ya wakili anayemfanyia kazi kweli, na kama humpati, usimame wewe mwenyewe mbele ya jaji ulieleze. Si dada, si jirani. Wewe.

Jambo jingine. Nguo zako nimerudishiwa kwenye mfuko, na shati la buluu nimelifua, lile unalolipiga pasi kila Jumapili kana kwamba unakwenda kuposa. Nina swali juu ya shati hilo, ila leo naliacha. Nasema hivi tu: kama kuna mtu unamficha, nijue mimi kabla ya kiumbe yeyote.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepungua. Mwambie shemeji chumvi aitie mwenyewe. Barua zetu zinasomwa hapa langoni kabla hazijanifikia, kwa hiyo namsalimu na msomaji wetu pia, natumaini hajambo na watoto wake.

Siku ile hukuja mahakamani kwa sababu ya homa ya mtoto, nami nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, wakili wangu hajawahi kuja gerezani. Tumeonana koridoni tu, na jina langu halijui." Jaji akamuuliza Bwana Haraka amenitembelea mara ngapi. Akajibu kwamba faili ni nyingi. Jaji akasema, "Sijauliza habari za faili. Nimeuliza habari za mtu." Kisha akasema maneno niliyoyashika mpaka leo: "Kumpa mtu wakili si kumwandikia jina la wakili kwenye karatasi. Ni kumpa mtu wa kumsikiliza na kumpigania."

Nimepewa mwingine. Ni binti mdogo, huja kwa miguu na raba zake, kwa hiyo humu ndani wanamwita Raba. Alifika kesho yake. Swali lake la kwanza halikuwa la wizi. Aliuliza, "Jina lako nimelitamka sawasawa?"

Kuhusu shati, Dada, ni shati tu.

Ndugu yako


14 Aprili

Kitinda,

U hali gani? Homa ya mtoto imekwisha, ameanza tena kuvunja vyombo. Nyumba ya jirani wamepaka rangi ya waridi, usiniulize kwa nini.

Nilikuja kukuona Jumatano, kama unavyojua. Au labda hukujua, maana ulikuwa na mgeni wako. Nimefika na sabuni na mswaki wako, nakaribia mlango wa kile chumba cha mawakili, huyo Raba akainuka akasema, "Samahani mama, utusubiri nje." Nikamwambia, "Mwanangu, huyu hana la kwake nisilolijua. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemtoa funza." Akatabasamu. Meno mazuri anayo, sikatai. Akasema, "Ndiyo maana nakuomba usubiri nje. Mazungumzo ya mshtakiwa na wakili wake ni ya wawili. Ni haki yake."

Haki yake! Nikakaa benchi la nje kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Pale mlangoni kuna kioo kidogo. Sikutaka kuchungulia. Nikachungulia. Ulikuwa unaongea, Kitinda. Wewe ambaye nikikuuliza umekula nini unajibu "chakula". Mikono inakwenda hivi na hivi, mara ukainama ukafuta macho, mara ukacheka! Roho iliniuma, sitakuficha. Niliacha shule kwa ajili yako, siku yule mwanamke aliyetuzaa alipopanda lori la yule dereva wake na kutuacha na Baba, Mungu amrehemu. Ulikuwa hujajua hata kufunga kamba za viatu. Leo binti wa juzi, viatu vyake vyenyewe vya kukimbilia, anajua ninachonyimwa mimi.

Na sasa lile swali la shati. Kifungo cha tatu kutoka juu si changu. Yaani si mimi niliyekishona. Nimekigeuza nyuma nikakuta kiraka kidogo cha kitambaa ili shati lisichanike, na uzi umezungushwa shingoni mwa kifungo, ukafichwa ndani. Hivyo ndivyo ninavyoshona mimi, na katika mafundi wote wa mtaa huu hakuna mwingine. Kwa hiyo huyo mwanamke wako, pamoja na kunichukulia ndugu, ananiiga na kazi! Mwambie kiraka amekikata vibaya, kimepinda. Na umri wako huu unamficha mchumba kwa nini? Je, ni mke wa mtu?

Jibu.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Wakili ameniambia nisiandike neno lolote la kesi, wala la nilikokuwa, kwenye barua inayopita langoni. Nimemwahidi.

Si mke wa mtu. Usiendelee kuuliza, nakuomba. Wasalimie wote.

Ndugu yako


11 Juni

Kitinda,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Umemwahidi. Vizuri. Mimi hukuniahidi kitu, kwa hiyo hujavunja ahadi.

Huyo wakili wako alipita kibarazani kwangu. Nilimpa kiti, kwa sababu nimefundishwa adabu. Nikamuuliza, "Ndugu yangu amekwambia nini?" Akajibu, "Mama, hilo ni lake. Akitaka ulijue, atakwambia mwenyewe." Nikamchomekea kidogo: "Kwa hiyo wewe ndiye dada siku hizi?" Akasema, "Hapana. Dada hupenda. Mimi kazi yangu nisikilize hata yale anayoona aibu kumwambia anayempenda." Pindo la sketi yake lilikuwa limefumuka. Nikalishona huku amesimama, na pini moja nikaikaribisha mguuni kwa bahati mbaya. Mungu anisamehe, bahati mbaya yenyewe haikuwa kubwa sana.

Naomba kwa ajili yako asubuhi na jioni. Naomba pia nisimchukie, na hilo ndilo zito.

Dada yako


3 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na sare zimekwisha. Kaa kwenye kiti cha cherehani kwanza, ndipo usome. Wakili amekwisha kuwasilisha utetezi wangu mahakamani, kwa hiyo si siri tena, na nimemwomba nikwambie mwenyewe kabla hujausikia kwa karani.

Siku ya tukio sikuwa chumbani. Nilikuwa kwa mama.

Ndiyo, mama yetu. Anaishi peke yake, chumba cha kupanga, mji wa pili kutoka hapo, ukishuka kituo cha basi unaingia uchochoro wa mafundi seremala. Yule dereva alikwisha kufa. Nilimpata mwaka juzi nilipoitwa huko kufungua mlango wa mtu, na tangu hapo nilikwenda kila Jumapili. Macho yamemwisha, anaona mwanga na vivuli tu. Jumapili ile nilimtengenezea kitasa, na jirani yake naye akaniita nikamtengenezea chake. Kifungo kilinikatika nikiwa nimeinama mlangoni. Alikishona yeye, kwa kupapasa.

Siku ya polisi ulikuwa pembeni yangu. Siku ya koridoni umenishika mkono. Ungekuwa wewe ungesema? Ulikwisha kuniapia, tangu nikiwa mdogo, kwamba siku nitakayomtafuta huyo mama, wewe si dada yangu. Nikaona heri jela kuliko hilo. Raba ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza nikiwa peke yangu. Nililia kabla sijajibu.

Amekwenda mwenyewe mpaka uchochoroni, amemwona jirani na kitasa chake. Jirani atakuja. Lakini upande wa mashtaka watasema jirani alikaa nami muda mfupi tu. Aliyekuwa nami mchana kutwa ni mama. Bila yeye, yale maneno yangu ya uongo kule polisi yatanizamisha. Na mama amekataa kuja. Amesema, "Mahali mwanangu mkubwa alipo, sikanyagi bila ruhusa yake." Wakili amembembeleza, hataki. Kesi itasikilizwa tarehe ishirini na sita Agosti.

Sikulazimishi.

Ndugu yako


20 Julai

Kitinda,

Wazima. Mvua haijanyesha. Mteja mmoja amerudisha gauni mara tatu, mara linabana, mara linapwaya, na mwili ni ule ule.

Kuhusu lile jambo, sina la kusema.

Dada


15 Agosti

Kitinda wangu,

Hujambo? Nimeshindwa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi, na matusi hayapendezi yakisomwa langoni.

Jumapili baada ya ibada sikurudi nyumbani. Nimepanda basi. Nikamwambia shemeji yako nakwenda kununua vifungo.

Uchochoro nimeuona, maranda ya mbao mpaka kwenye viatu. Nikabisha. Kitasa chako kinafunguka vizuri, hakina kelele. Akauliza, "Nani?" Nikasema, "Fundi cherehani." Halafu akasema, "Ingia. Bado unaburuza kisigino cha kushoto."

Nilikasirika, Kitinda! Ana haki gani ya kukikumbuka kisigino changu? Nimeingia, nimemkuta mdogo, mdogo mno, kitandani. Nikaanza kuangalia vitu. Kikombe ulichomnunulia. Rafu uliyompigilia. Kwangu rafu imelegea tangu mwaka jana, unasema utakuja kuikaza.

Akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Nikamjibu papo hapo, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Nilidhani atalia au atabisha. Akasema, "Ndiyo. Ndiyo maana nangoja ruhusa yako wewe. Mtoto ni wako."

Basi mimi ndiye niliyelia, na nikamkasirikia kwa hilo pia.

Palikuwa na blauzi yake kitini, kifungo kimelegea. Nikaichukua ili mikono ipate kazi, nikakigeuza. Nyuma pana kiraka kidogo, kimepinda. Kitinda, miaka yote hii najigamba kwamba ule ushonaji ni wangu, niliubuni mwenyewe. Nimekumbuka nilivyosimama magotini kwake nikimtazama, kabla wewe hujazaliwa. Si yeye aliyeniiga.

Sijamsamehe. Hilo liko kati yangu na Mungu, na bado tunazungumza. Lakini nimemwambia, "Tarehe ishirini na tano nakuja kukuchukua, ulale kwangu. Uwe tayari, sipendi kungoja." Akasema, "Kwa ukali huo, kweli wewe ni wangu." Nikamwambia asijichukulie sifa.

Na nimekwenda kwa Raba. Niligonga, nikangoja nje mpaka akaniita. Nimemwambia nililolificha: Jumapili ile niliona kufuli nje ya mlango wa chumba chako. Nilijua hukuwemo. Mwanzo nilidhani mwanamke. Habari za duka zilipokuja nikaogopa jingine, na ndiyo sababu sikutaka ukae na wakili yeyote bila mimi. Niliogopa utakachosema. Yeye hakuogopa, akakuuliza. Nitapanda kizimbani nikaseme habari za hilo kufuli.

Siku ya kesi tutakaa benchi moja, mimi na yeye. Usitutazame sana, tutaharibikiwa wote.

Dada yako


20 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimemfikisha mama salama. Bado ninaisikia sauti ya jaji, "Mshtakiwa hana hatia," na nikiamka usiku nainuka kukaa, nihakikishe siko gerezani. Mama anasimulia uchochoro mzima jinsi Raba alivyomuuliza mlinzi, "Uso wa aliyekupiga uliuona?" naye akajibu, "Niliona kiatu." Na jinsi mwendesha mashtaka alivyomuuliza mama asiyeona amejuaje ni mimi, naye akasema, "Nilishona shati likiwa mwilini mwake. Wewe ungeshindwa kumjua mtu umemshika kifuani?" Mahakama ilicheka, isipokuwa wewe, ulikuwa unahesabu mbao za dari.

Nitakaa siku chache kidogo nimtengenezee paa.

Ndugu yako


6 Oktoba

Kitinda wangu,

Hujambo? Kifua je, sasa unapolala kitandani? Naye hajambo? Huku tuko salama. Wapwa zako wanauliza kwa nini mjomba amerudi kutoka safari akaenda safari.

Siku chache kidogo zimekuwa siku chache kubwa. Paa gani hilo, la ikulu? Mahakama imekuachia; sasa nauliza, yeye atakuachia lini? Rafu yangu imeanguka kabisa, na chupa ya mafuta ya mashine juu yake. Sisemi kwa ubaya. Nasema imeanguka.

Raba alipita. Ana mshtakiwa mwingine, bibi mmoja ambaye wakili wake wa kwanza hakuwahi kumwona, na wanawe wamejazana mlangoni hawataki kutoka. Ameniomba niende nikakae nao benchi la nje. Amesema nina uzoefu. Nimekubali, na safari hii pini nimeziacha nyumbani.

Mbeba barua hii anakuletea na kifurushi. Ni lile shati la buluu, nimelifua na kulipiga pasi. Utaona kifungo cha juu hakipo. Kilikatika nilipokuwa nafua, nami nikashika sindano nikishone, nikaiweka chini. Kifungo kimo mfukoni mwa shati pamoja na sindano. Uzi nimekwisha kuutunga na kuupiga fundo, maana yeye tundu halioni, na wewe mikono yako ni ya makufuli. Mpe mama akishone. Mwambie kiraka akikate anavyotaka, hata kikipinda.

Ukishalivaa, njoo nalo nilione. Nijibu upesi, uniambie unakuja siku gani.

Dada yako